"Akaone Nini?" Mgeni Asiyeona Anapoingia Makumbusho

Mjadala ulianzia kwenye grupu la WhatsApp la wazazi. Darasa lilikuwa linapelekwa makumbusho, mchango wa basi umeshatangazwa, na mzazi mmoja mwenye binti asiyeona akauliza kama mwanawe naye ajiandae. Kikapita kimya cha kama dakika kumi, kisha mtu akajibu kwa maneno mawili: "Akaone nini?" Sidhani kama alikuwa na ubaya. Waliomuunga mkono walizungumza kwa huruma kabisa: mtoto atachoka bure, mzazi atatoa hela bure, mwalimu atapata kazi ya ziada. Binti akabaki nyumbani. Swali lenyewe halikuishia pale; nimelisikia tena barazani na ofisini, na linastahili jibu refu kuliko lile la kwenye simu, maana ndani yake kuna makosa kadhaa yaliyosukwa pamoja kama ukili wa mkeka.

Tuanze na neno. Makumbusho limetokana na kumbusha. Ni mahali pa kukumbushwa, na jicho halimo. Kuona kumejificha kwenye neno maonesho, na hata kitenzi chenyewe Mswahili hajawahi kukifungia machoni: tunaona njaa, tunaona baridi, tunaona aibu, tunaona uchungu. Harufu ya karafuu tunaisikia. Watu wasioona huagana kwa "tutaonana" kama sisi wengine, na ukianza kulikwepa neno hilo mbele yao ndipo unapowafanya wajihisi wageni. Kwa hiyo "akaone nini" lina majibu mengi kwa Kiswahili kabla hatujafika mlangoni.

Makumbusho yanayofikika, kama nitakavyolitumia neno hilo hapa, ni yale ambayo mgeni anaweza kuyaingia, kutembea ndani yake bila kujigonga, na kutoka akiwa amepata kilekile walichokipata wenzake: habari, mshangao, hata ubishi wa kwenda nao nyumbani. Watu wengi wakisikia kufikika wanafikiria ngazi na njia ya kiti cha magurudumu. Hiyo ni sehemu moja. Mtu asiyeona anaweza kupanda ngazi zote vizuri tu, akafika juu, akasimama mbele ya kabati la kioo, na kwake kabati lile likawa ukuta kama kuta nyingine.

Asiyeona ni nani hasa

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba upofu ni giza totoro. Wengi wa wanaohesabiwa kuwa na ulemavu wa kuona wanaona kitu fulani: mwanga na kivuli, rangi bila umbo, umbo bila uso, au duara dogo la katikati kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Hawa tunasema wana uoni hafifu. Shirika la Afya Duniani linapima hivi: mtu mwenye uoni wa kawaida akisoma herufi fulani akiwa mita 18, na wewe, kwa jicho lako lililo bora, huwezi kuisoma hata ukisogea hadi mita 6, basi umeingia kwenye uoni hafifu. Ukishindwa kusoma kwa mita 3 kile ambacho mwenzako anakisoma kwa mita 60, hapo ndipo upofu unapoanzia kwa kipimo chao. Kati ya vipimo hivyo viwili kuna umati. Shirika hilo hilo linakadiria kwamba watu wasiopungua bilioni 2.2 duniani wana tatizo la kuona karibu au mbali, wakiwemo wale ambao miwani tu ingewatosha.

Umati huo tunaishi nao. Babu mwenye mtoto wa jicho anayesogeza gazeti hadi puani. Shangazi mwenye presha ya macho ambaye ukingo wa picha umeshamtoka bila yeye kujua. Na hapa kwetu, watu wenye ualbino. Tumezoea kuzungumzia ngozi zao na jua, lakini ualbino uko machoni vilevile: mwanga mkali unawaumiza, mboni hazitulii, na kuona mbali ni shida ambayo miwani inapunguza tu, haiiondoi. Mtoto mwenye ualbino hupelekwa makumbusho na darasa zima, anasimama mbele ya kabati na wenzake, na hakuna anayemuuliza kama amesoma kibandiko. Huyu hahitaji nukta nundu, yaani maandishi ya kupapaswa kwa vidole, wala kushikwa mkono. Anahitaji maandishi makubwa, meusi juu ya rangi nyeupe isiyong'aa, yaliyowekwa mahali anapoweza kusogeza uso.

Hapo ndipo kazi rahisi ilipo, na ndipo inapopuuzwa zaidi. Kibandiko cha herufi ndogo nyuma ya kioo, nusu mita kutoka puani, kinamshinda hata mwenye macho mazima aliyesahau miwani. Kioo kinachorudisha taa ya darini kinatengeneza doa jeupe juu ya kitu kilichokusudiwa kuoneshwa. Maneno ya kijivu juu ya ukuta wa kahawia ni urembo wa mbunifu ambaye hakumuuliza mtu wa miaka 60. Kuyarekebisha haya hakuhitaji mfadhili. Kunahitaji printa, karatasi isiyong'aa, na mtu wa kuzungusha taa.

Ila kuna jambo moja ambalo siyo uzembe. Mwanga unakula vitu. Nguo, karatasi, manyoya na rangi za maji hufifia kila saa zinapomulikwa, na uharibifu huo haurudi nyuma. Ndiyo maana wahifadhi huvimulika vitu hivyo kwa luksi 50 hivi (luksi ni kipimo cha mwanga), wakati ofisi ya kawaida huwa na 300 hadi 500. Kinachookoa kanga ya miaka 100 isichujuke ndicho kinachomfanya bibi asiione. Sijui suluhisho kamili la hili, na simwamini anayesema analo. Kinachofanyika ni kuweka picha kubwa angavu ya kitu hicho pembeni, au kitabu cha herufi kubwa ambacho mgeni anatembea nacho, au taa inayowaka mtu anapobonyeza kisha ikazima.

Kibao cha "Usiguse"

Kosa la pili ni kudhani kuwa usiguse ni sheria ya ulimwengu wote. Sababu yake ni ya kweli. Mkono una jasho, chumvi na mafuta. Mguso mmoja hauonekani. Miguso milioni inaonekana. Kule Vatican kuna sanamu ya shaba nyeusi ya Mtakatifu Petro ambayo mahujaji wameigusa na kuibusu mguu wa kulia kwa karne nyingi, na vidole vya mguu ule vimelainika hadi karibu kupotea. Ukiwa na mask ya mbao yenye rangi ya asili, au mtungi wenye ufa, mhifadhi anayekuzuia ana haki yake.

Lakini vitu havifanani. Jiwe gumu, chuma cha kusubu, chungu ambacho kabatini vipo vingine 40 kama yeye, mpingo uliosuguliwa na mchongaji mwenyewe kwa mikono mitupu: hivi vinavumilia mkono uliooshwa, usio na pete wala bangili. Makumbusho ya Uingereza kule London huwaruhusu wageni wasioona kugusa baadhi ya sanamu za mawe za Misri ya kale, za maelfu ya miaka, na sanamu zipo. Sanamu ya ujamaa ya Wamakonde, ule mnara wa watu waliopandana na kushikana, ilizaliwa mikononi. Ukiifungia kioo unamnyima hata anayeona, kwa sababu nusu ya watu wake wako upande wa nyuma. Na bao! Mashimo 32, kete 64, mchezo ambao mkono unaujua kuliko jicho, nao nimeukuta kabatini umefungiwa kama sumu.

Wazo la kuwapa wasioona vitu mkononi si la juzi. Mwaka 1906 katika mji wa Sunderland, Uingereza, msimamizi wa makumbusho aitwaye J. A. Charlton Deas aliwaalika watoto wasioona waje kushika wanyama waliokaushwa na mifupa, kisha akaendelea na watu wazima, hadi mwaka 1913. Huyu alikuwa mtumishi wa mji wa bandari, bila kompyuta, bila mtaalamu wa kukodi. Nikisikia makumbusho ya leo yakisema teknolojia bado haijafika, humkumbuka.

Pale ambapo kitu halisi hakiwezi kuguswa, kuna nakala, na hapa Tanzania nakala tunazielewa vizuri kuliko tunavyodhani. Nyayo za Laetoli, zile za viumbe waliotembea wima miaka milioni 3.66 iliyopita, zilizofukuliwa na timu ya Mary Leakey mwaka 1978, zimefukiwa upya ili mvua na mizizi ya miti isizimalize. Mgeni anayefika makumbusho ya Olduvai anatazama nakala. Mwenye macho mazima, aliyelipa kiingilio na kusafiri siku nzima, anatazama nakala na anarudi kwao kifua mbele. Hakuna anayemwambia kwamba ameona bandia. Sasa unyayo ni shimo, na shimo ni kitu cha mkono. Unaweka kiganja kwenye kisigino, unasikia kimezama. Unasogea mbele unasikia kidole gumba kimelala sambamba na vingine, hakikujitenga kama cha sokwe. Hoja nzima ya wanasayansi iko pale kwenye kidole gumba, na mkono unaifikia kwa sekunde tano.

Au chukua fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, lililopatikana Olduvai tarehe 17 Julai 1959, la miaka kama milioni 1.75. Fuvu halisi limehifadhiwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, na nakala zake zimeenea duniani. Mpe mtoto nakala. Mwambie apitishe kidole katikati ya utosi kutoka mbele kwenda nyuma. Atakutana na ukingo wa mfupa uliosimama kama kishungi. Kisha apitishe kidole hicho hicho kwenye utosi wake mwenyewe. Hakuna. Ukingo ule ndipo misuli ya taya ilipojishikiza. Ashuke kwenye meno ya nyuma, apime upana wake kwa ncha ya kidole, halafu apime gego lake mwenyewe kwa ulimi. Hapo ataelewa kile kiumbe kilikuwa na nguvu kiasi gani ya kutafuna, na nina hakika wanafunzi wengi waliopita mbele ya kabati wakipiga selfi hawakulielewa hilo.

Kugusa nako kuna kanuni zake, na hapa huruma hukosea. Watu hufikiri asiyeona ana vidole vya miujiza, kwamba Mungu alipochukua macho aliongeza masikio na ngozi. Ngozi ni ileile. Alichonacho ni mazoezi na subira, na hata hivyo wapo waliopoteza uoni wakiwa na miaka 50 ambao mkono wao bado ni mgeni wa kazi hii. Jicho linapokea kitu kizima kwa mpigo mmoja, kisha linachagua pa kutua. Mkono unapokea vipande, na akili inaviunga, kama anayesikiliza hadithi kwa vituo. Kwa hiyo mgeni anahitaji mikono yote miwili, muda, na mtu wa kumwambia mapema kitu ni kipi, kina ukubwa gani, na kimeelekea wapi. Kumshika mkono na kumburuza kidole juu ya sanamu ni sawa na kumshika mtu kichwa na kumgeuza unapotaka atazame.

Unakijua kisa cha vipofu na tembo: mmoja alishika mguu akasema ni nguzo, mwingine mkonga akasema ni nyoka, wa tatu sikio akasema ni ungo. Kisa hicho husimuliwa kana kwamba tatizo lilikuwa upofu wao. Mimi nasema tatizo lilikuwa mwenye tembo. Kila mmoja alipewa sehemu moja, akazuiwa kuzunguka, na hakuna aliyewaambia lolote. Ndivyo hasa makumbusho mengi yanavyomfanyia mgeni asiyeona: yanampa mtungi mmoja wa kushika mlangoni, basi.

Uani kwenye makumbusho ya Nairobi imesimama sanamu ya faiba ya ndovu Ahmed wa Marsabit, yule aliyewekewa ulinzi kwa amri ya Rais Jomo Kenyatta mwaka 1970 na kufa mwaka 1974, mashuhuri kwa pembe zake zilizokaribia kugusa ardhi. Ni sanamu ya ukubwa halisi, na mtu akiwa amesimama hafiki mgongoni. Ukitaka asiyeona ampate Ahmed, unahitaji vitu viwili: kisanamu kidogo cha kukumbatiwa na viganja viwili, apate umbo zima na uwiano wa pembe na mwili; kisha kipande cha ukubwa wa kweli, pembe au mguu, apate kishindo chake. Kidogo kinaleta umbo, kikubwa kinaleta ukubwa. Kimoja bila kingine kinarudisha ule ubishi wa nguzo na nyoka.

Majengo ni hivyohivyo, na hapa asiyeona anaweza kumzidi mwenzake. Ngome ya Yesu kule Mombasa, iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, mchoro wake hufananishwa na mtu aliyelala chali. Simama uani uangalie: utaona kuta, mizinga na watalii. Mtu aliyelala humuoni ng'o, labda uwe ndege. Anayeshika ramani yenye mistari iliyoinuka atamkuta kwa vidole, mabega na miguu, kabla mwenye macho hajamaliza kukisia.

Picha bapa na zile nukta sita

Ramani kama hiyo hutengenezwaje? Njia nyepesi hutumia karatasi maalumu yenye kemikali inayofura kwa joto. Unachora au unachapa kwa wino mweusi, unaipitisha kwenye mashine ya joto, na kila palipo na weusi panapokea joto zaidi na kuinuka kama andazi kwenye mafuta. Palipo peupe panabaki bapa. Inafaa ramani, mpangilio wa chumba, umbo la jahazi. Haifai picha yenye mambo mengi, kwa sababu mkono ukikuta mistari 200 unachanganyikiwa. Kwa hiyo mchoro wa vidole huchorwa upya kwa kupunguza: ukweli mwingi unatolewa ili ubaki ule unaosomeka.

Mwaka 2015 makumbusho ya Prado kule Madrid yalikwenda mbali zaidi. Yalitengeneza nakala zenye miinuko za michoro yake kadhaa maarufu, ukiwemo ule wa mchoraji Velázquez unaomwonesha Apollo kwenye karakana ya mhunzi Vulcan, zikiwa na rangi zake, na wageni wakaruhusiwa kupapasa nyuso, nyundo na mikunjo ya nguo. Ni kazi ya gharama na ni tafsiri: mtu aliamua pua iinuke kiasi gani. Lakini na picha ya posta ni tafsiri, na tunaibandika ukutani bila manung'uniko.

Sasa nukta nundu. Hili ndilo dai linalotolewa haraka kuliko yote: "Tumeshaweka nukta nundu." Mfumo wa Louis Braille, alioubuni akiwa kijana nchini Ufaransa mwaka 1824, unatumia nukta sita tu kutengeneza michanganyiko 63, na umefungulia mamilioni mlango wa shule. Siudharau hata chembe. Ila wasioona wengi hawausomi, hasa waliopoteza uoni ukubwani. Pia unakula nafasi: maelezo ya maneno 100 ya Kiswahili hujaza karibu ukurasa mzima wa A4. Na kibao kinatakiwa kipatikane. Nimeona kibao cha nukta nundu kimewekwa nyuma ya kamba ya kuzuia watu, juu ya usawa wa kichwa, kimefunikwa kioo. Kilikuwa kizuri sana kukitazama. Nukta nundu huwekwa mahali pamoja kila chumba, usawa wa kiuno, zimelala mteremko kidogo, na mgeni huambiwa mlangoni zilipo. La sivyo zinabaki pambo la kuwatuliza wanaoona.

Ugonjwa huohuo unaipata ile misimbo ya QR. Simu ya asiyeona inaweza kumsomea chochote kwa sauti, hilo ni kweli na ni neema. Lakini ili aelekeze kamera kwenye kimraba cha sentimita tatu ukutani, inabidi kwanza ajue kimraba kiko wapi.

Maneno, na saa yetu

Chombo chenye nguvu kuliko vyote hakina bei: mtu anayejua kueleza. Wataalamu huiita kazi yake maelezo ya picha kwa sauti, na ni tofauti na ile sauti ya kukodi inayomweleza kila mgeni historia ya kitu. Sauti ya kawaida huanza na "kama unavyoona, chombo hiki kilitumika..." na mgeni asiyeona ameshaachwa kituoni. Maelezo ya picha huanza na kilichopo, ndipo yaje ya maana yake.

Ujuzi huu tunao. Aliyewahi kumweleza dada yake kanga kwa simu kutoka Kariakoo ameshaufanya. Dada hataki kusikia kwamba ni nzuri, anauliza: pindo lake rangi gani? Mji una nini? Jina limeandikwaje? Sasa mwelezee hivyohivyo mgeni: "Mbele yako kuna kanga imetandazwa ukutani, upana wake kama mikono miwili iliyonyooshwa, urefu wa kwenda juu kama kutoka magotini hadi kidevuni. Pindo ni jeusi, nene kama kiganja, lina maua madogo mekundu yanayofuatana. Katikati, kwenye mji, ardhi ni nyekundu na kuna korosho nne kubwa, moja kila pembe. Chini ya mji, ndani ya kisanduku cheupe, jina limeandikwa kwa herufi kubwa nyeusi: MGENI NJOO MWENYEJI APONE." Nzima kwanza, kisha sehemu, ukubwa kwa kipimo cha mwili, rangi zimetajwa. Ndiyo, rangi. Wengi waliwahi kuziona, na hata asiyewahi kuona anajua nyekundu na nyeusi zinasema nini harusini na msibani.

Kuna mtego mmoja ambao miongozo ya Ulaya haiwezi kutuonya. Huko, kumwelekeza asiyeona hutumia uso wa saa: namba 12 ni mbele yako, 3 ni kulia, 9 ni kushoto. Mwongoza wageni wetu anapelekwa semina, anafundishwa, anarudi na kusema kwa Kiswahili, "Mtungi uko saa tatu." Saa tatu ipi? Mshale wa saa unapotua juu ya 3 sisi tunasema saa tisa. Saa tatu yetu mshale uko juu ya 9. Mzee aliyekuwa akivaa saa ya mkono kabla macho hayajamwacha atanyoosha mkono kushoto, na mtungi uko kulia. Na kosa hili haliwi dogo hata siku moja, kwa sababu tofauti yetu ni saa sita, yaani nusu duara: kila mara unampeleka mtu upande wa pili kabisa. "Kulia kwako, hatua mbili" inatosha. Hii ndiyo sababu ninasisitiza maelezo yatungwe kwa Kiswahili tangu mwanzo, na yajaribiwe na msikilizaji asiyeona wa hapahapa.

Masikio nayo yana haki yao. Siwa, yaani baragumu kubwa, ya pembe ya ndovu ya Pate iliyomo makumbusho ya Lamu, ndefu kupita mtu mzima, ilitengenezwa isikike mbali kwenye sherehe za watawala. Sisi tunaisimamisha kimya na kuisifia nakshi. Sauti ya siwa ikipigwa pale chumbani, wote wenye macho na wasio nayo watakuwa wamekaribia zaidi kile ilichokuwa.

Mengine ni adabu tu. Fimbo nyeupe inapapasa chini, kwa hiyo kabati lililotundikwa ukutani bila kitu chini yake litampiga mtu usoni. Unapomwongoza, mpe kiwiko chako akishike mwenyewe. Zungumza naye, siyo na aliyemsindikiza, "huyu anapenda kugusa nini?" ni swali ambalo mhusika amelisikia vizuri.

Kisheria mambo hayana utata mkubwa. Ibara ya 30 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006 inataja makumbusho kwa jina. Kenya iliuridhia mwaka 2008, Tanzania mwaka 2009. Baraza la kimataifa la makumbusho, ICOM, lilipobadilisha tafsiri yake ya makumbusho mwaka 2022, liliingiza ndani sifa ya kufikika na kujumuisha wote. Kati ya karatasi na kabati, hata hivyo, kuna mtu mwenye ufunguo.

Kule Ancona, Italia, aliupata mtu asiyeona. Aldo Grassini na mkewe Daniela Bottegoni, wote wasioona, walipenda kusafiri, na kila walipofika walipokelewa na kibao kilekile cha usiguse. Wakapeleka wazo kwa halmashauri ya mji wao. Mwaka 1993 ikafunguliwa Museo Omero, na mwaka 1999 serikali ikayafanya makumbusho ya taifa. Ndani yake kuna nakala za plasta za sanamu za Kigiriki na za Michelangelo, na vielelezo vidogo vya majengo makubwa kama Parthenon, vyote vya kushikwa. Anayeona naye anaruhusiwa kuingia, na anaweza kufungwa kitambaa machoni akitaka.

Yule binti wa grupu letu sasa yuko darasa la tano. Safari nyingine imetangazwa. Safari hii mama yake hakuuliza kama atapanda basi. Alipiga simu makumbusho wiki mbili kabla, akaomba mtu wa kueleza na chochote cha kushika. Wakamjibu wapo, wana nakala ya fuvu stoo, haijawahi kuombwa na mtu.